Kijana wa dirishani na daraja la vijiti

BARUA

Shikamoo Mama,

Nakuandikia usiku kwa sababu mchana naona aibu hata kulifikiria jambo hili.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, huu ni mwaka wangu wa kumi na moja kazini. Kwa miaka mitatu sasa nimekabidhiwa darasa la watoto wenye vipaji. Kila mwanzo wa mwaka, wanafunzi wote wa darasa la nne hufanya mtihani wa mchujo, na kumi na wawili wanaoongoza hunijia kila Jumatano kwa muda wa saa mbili, katika chumba kidogo mwisho wa jengo. Huko sifundishi kwa kitabu. Tunafanya miradi: tumeunda saa ya kivuli, tumechora ramani ya shule kwa kupima kwa hatua, tumetengeneza gazeti la ukutani. Nilikuwa naipenda Jumatano kuliko siku zote.

Muhula huu mradi wetu ulikuwa daraja. Kila mmoja alipewa vijiti 100 na gundi, aunde daraja la kuvuka nafasi ya sentimita 40 kati ya meza mbili. Mwishoni tungepanga vitabu juu yake, kimoja kimoja, mpaka livunjike.

Chumba chetu kina dirisha linalotazama barazani, na kila Jumatano kulikuwa na mvulana wa darasa la nne amesimama pale, kidevu kwenye kizingiti. Mara ya kwanza nilimfukuza. Mara ya pili nikamuuliza kwa nini hayuko darasani, akaniambia ametolewa nje. Nilimuuliza mwalimu wake, akasema ni kweli: kijana akimaliza hesabu, na humaliza mapema, huanza kuwachokoza wenzake, na ukifika wakati wa kusoma kwa sauti hufanya mzaha mpaka darasa zima licheke. Nilimwona siku moja akisoma peke yake. Anafuata mstari kwa kidole, polepole, midomo ikicheza. Mtihani wetu wa mchujo karibu wote ni wa kusoma, na alama zake zilimweka mbali kabisa na orodha.

Wiki ya tatu madaraja yote yalikuwa yanayumba. Watoto wangu walikuwa wameunda masanduku, miraba mitupu iliyofuatana, na ukiyagusa yanalala upande. Kuna binti mmoja ambaye ameshika namba moja tangu darasa la kwanza. Alikaribia kulia. Ndipo sauti ikatoka dirishani: "Mraba unalala huo. Utie mshazari."

Binti akageuka. "Mshazari upi?"

Kijana akapitisha mkono kati ya nondo, akachukua kijiti, akakilaza kutoka pembe moja hadi ya pili. "Hivi. Sasa usukume." Binti akasukuma. Haukulala.

Mama, somo lile nilikuwa nimepanga kulifundisha wiki inayofuata.

Siku ya majaribio daraja la binti lilibeba vitabu 23. Lililolifuata lilibeba 9. Tukayapanga yote kwenye meza kwa ajili ya maonyesho ya wazazi, kila moja na kikadi chenye jina la mwenyewe. Asubuhi ya maonyesho nikaona binti ameongeza maneno chini ya jina lake kwa kalamu nyekundu: "na yule wa dirishani".

Baba yake alipokisoma hakufurahi. Aliniuliza, mbele ya watu, kama mtoto wake siku hizi anasaidiwa na watoto walioshindwa mchujo. Mwalimu mkuu akanivuta pembeni, akaniambia niandike kikadi kingine. Nikaandika. Kwa mkono wangu mwenyewe nikaandika jina la binti peke yake, nikakiweka. Mchana darasa la nne lilipopitishwa kuona maonyesho, kijana alisimama mbele ya lile daraja muda mrefu kuliko mahali pengine popote. Akatazama kikadi. Hakusema neno. Jumatano iliyofuata hakuja dirishani, wala iliyofuata hiyo.

Nilimwendea mwalimu mkuu nikaomba kijana aingizwe. Akasema orodha ni orodha. Nikimwingiza mmoja bila mtihani, kesho nitakuwa na ishirini mlangoni, kila mmoja na mzazi wake. Mwalimu wa kijana naye akasema nitakuwa nimempa zawadi kwa utundu. Nikarudi kimya.

Binti naye amebadilika. Tumeanza mradi mpya na yeye hataki kugusa kitu. Anasema, "Nisubiri kwanza nijue jibu lake." Juzi alibaki nyuma wenzake walipotoka, akaniuliza, "Mwalimu, kwani mimi nina kipaji kweli?" Nikamwambia ndiyo, sana. Uso wake haukubadilika.

Usiku nafikiria kumwingiza kijana kimyakimya, nifunge mlango, yatakayokuwa na yawe, maana mahali pake ni ndani na si barazani. Nikichoka kuwaza hilo nafikiria kuliacha darasa hili, wampe mwingine. Kwa sababu kuna jambo jingine linaloniuma na sijamwambia mtu: siku ile ya maonyesho, watoto wote wa darasa la nne waliyatazama yale madaraja kwa hamu ileile. Wote wangeyapenda. Wengi wao wangeyaunda. Basi hawa kumi na wawili wangu nawapa nini hasa? Elimu, au mchezo mzuri uliofungiwa mlango?

Kile kikadi cha kwanza bado kiko kwenye droo yangu.

Mwalimu wa Jumatano

JIBU

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara zote macho yangu yamekwama palepale, uliposema umeandika kikadi cha pili kwa mkono wako mwenyewe. Ungeweza kuniambia tu kwamba kilibadilishwa, nami nisingejua. Mtu anayejitaja hivyo kwenye kosa lake hajapoteza njia, na ningependa ulibebe hilo unaposoma yanayofuata, kwa sababu mengine nitakayouliza yatakukera kidogo.

Kama nimekuelewa, unadhani una tatizo la kijana mmoja aliyeachwa nje. Mimi naona matatu yamefungwa kwenye kitambaa kimoja: kijana aliyeacha kuja dirishani, binti aliyeacha kuthubutu, na mwalimu aliyeacha kuiamini kazi yake. Umeliweka la tatu mwishoni, kwa sauti ya chini. Niruhusu nianze nalo.

Swali ulilojiuliza usiku, kwamba hawa kumi na wawili unawapa nini hasa, si la mwalimu aliyechoka. Mtaalamu mmoja wa elimu ya watoto wenye vipaji, Harry Passow, aliligeuza kuwa kipimo cha maswali matatu. Utazame mradi wako ujiulize: je, watoto wote wangetaka kuufanya? Je, watoto wote wangeweza kuufanya? Je, watoto wote wangepaswa kuufanya na kufaulu? Ukijibu ndiyo mara tatu, mradi huo ni mzuri, ila si mradi wa wenye vipaji. Ni elimu njema tu, na elimu njema haina orodha.

Lipime daraja lako hapo. Nadhani umeshalipima, ndiyo maana hulali.

Lakini usikimbilie kusema basi miaka yako mitatu ilikuwa bure. Ulikuwa na chumba, vijiti na muda wa saa mbili, mambo ambayo mwenzako wa chumba cha pili hana, na ukavitumia kuwafanya watoto wapende kufikiri. Lililobaki ni kutenganisha sehemu mbili za kazi hiyo. Joseph Renzulli, ambaye jina lake huwezi kulikwepa ukisoma mambo haya, alipendekeza mwaka 1977 mpango wa ngazi tatu. Ya kwanza ni kuwaonjesha watoto mambo mengi mapya. Ya pili ni kuwafundisha mbinu: kupima, kuuliza, kuandika walichokiona, kujaribu tena. Hizi mbili zinaweza kufunguliwa kwa watoto wengi sana. Ya tatu ndiyo yenye mlango mwembamba: mtoto mmoja, au kikundi kidogo, wanachukua swali la kweli ambalo hata mwalimu hana jibu lake, wanalichunguza kama wachunguzi wenyewe wanavyochunguza, na wanapeleka walichopata kwa watu wanaokihitaji.

Ona tofauti. Vitabu vingapi daraja litabeba, hilo ni zoezi. Wewe ulijua tangu mwanzo kwamba siri iko kwenye pembetatu, na ulikuwa umeipangia wiki yake. Lakini ni ngazi zipi za kupandia pale shuleni ambapo watoto huteleza mvua ikinyesha, ni kwa nini ni hizo na si zile, na nani aambiwe? Hapo hakuna jibu kwenye kabati lako. Mtoto atahesabu siku za mvua, atapima mteremko, atakosea, atagombana na mwenzake juu ya maana ya "kuteleza", kisha atasimama mbele ya mwalimu mkuu na karatasi yake. Swali la namna hiyo wengine watalikimbia baada ya siku mbili, na hilo si aibu kwao. Wengine hawatalala. Hao wasiolala ndio unaowatafuta, na hakuna mtihani wa mwanzo wa mwaka unaoweza kukuonyesha ni nani.

Mwaka 1978 Renzulli aliandika kwamba kipaji kinachozaa kazi ni mambo matatu yaliyokutana: uwezo ulio juu ya wastani, ubunifu, na kule kung'ang'ania kazi mpaka mwisho. Alisema uwezo uwe juu ya wastani tu. Hakudai uwe wa ajabu. Mchujo wenu unapima la kwanza, tena kwa upande wa kusoma peke yake. Sasa mfikirie mtoto aliyesimama kidevu kwenye kizingiti Jumatano baada ya Jumatano, bila kuitwa, bila alama, bila hata kijiti. Hilo la kung'ang'ania utalipimaje zaidi ya hapo?

Haya, tuje kwake. Umeandika kwamba mahali pake ni ndani. Nikuulize swali la kuudhi: yeye alisema hivyo? Nimetafuta kwenye barua yako yote. Nimekuta maneno yake kwa binti, nimekuta maneno yake alipokwambia ametolewa nje, lakini sikukuta mahali ulipomuuliza anataka nini. Huenda anataka chumba chako. Huenda anataka daraja tu. Huenda anataka asitolewe nje ya darasa lake mbele ya wenzake. Au alichokitaka kilikuwa jina lake kwenye kikadi, au hata si jina, lile neno "yule wa dirishani" lingemtosha. Hizi ni njaa nne tofauti na hazishibishwi na chakula kimoja.

Usinielewe vibaya, sisemi orodha imesema kweli. Orodha zimekosea mbele ya macho ya wakubwa kuliko sisi. Kuanzia mwaka 1921, Lewis Terman wa Chuo Kikuu cha Stanford aliwatafuta watoto wenye akili nyingi wa California kwa kipimo cha akili, akawafuatilia zaidi ya 1,500 katika maisha yao. Miongoni mwa waliopimwa wakaachwa nje kwa sababu alama hazikufika, alikuwemo William Shockley na alikuwemo Luis Alvarez. Wa kwanza alipata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1956, wa pili mwaka 1968. (Shockley baadaye alilitumia jina lake kueneza mawazo ya kibaguzi kuhusu akili za watu, kwa hiyo tusimpigie vigelegele. Lakini mchujo haukumwacha kwa sababu hiyo.) Hata Alfred Binet, aliyeunda mtihani wa kwanza wa aina hii mwaka 1905 pamoja na Théodore Simon, aliuunda ili watoto waliokuwa wanakwama shuleni watambuliwe na wasaidiwe, na alikemea wazo kwamba akili ya mtoto ni kiasi kisichoongezeka.

Wahenga walisema nyota njema huonekana asubuhi, na tumeisema mno mpaka tukasahau kwamba kuna asubuhi za mawingu.

Nina wasiwasi mmoja ambao sikuuona kwenye barua yako, nao ni kile kidole chini ya mstari. Mtoto anayeona mara moja kwa nini mraba unalala, lakini anasoma kwa shida darasa la nne, na anaufunika usomaji wake kwa mzaha, anakwambia kitu. Sitakiita jina, mimi si daktari na sijamwona. Yawezekana ni macho. Yawezekana ni shida ya kusoma inayojitegemea kabisa, ambayo hukaa kichwa kimoja na uwezo mkubwa bila ugomvi, moja likimficha mwenzake. Yawezekana hakufundishwa vizuri mwanzoni, basi. Lakini ukimwingiza chumbani kwako ukasherehekea mshazari wake, na hakuna mtu aliyekitazama kile kidole, utakuwa umemfungulia dirisha na kumfungia mlango. Mzazi wake anajua? Shule ina mtu wa kumpima kusoma? Kwa macho yangu hili halingoji, hata kama mengine yote yatangoja.

Sasa njia ulizozitaja. Kumwingiza kimyakimya, nakiri, moyo wangu ulichangamka nilipoisoma. Kisha nikamwona kijana mwenyewe. Atakuwa mtoto wa kufichwa. Mwalimu mkuu akipita atainama chini ya meza? Wenzake wakimuuliza alikuwa wapi ajibu nini? Siku watakapogundua, wewe utapewa onyo la maandishi, yeye atatolewa nje kwa mara ya pili, na safari hii mbele ya watoto kumi na wawili. Wewe unaweza kulipa gharama hiyo kwa hiari yako. Yeye hajaulizwa.

Kuacha darasa hili kungekupa usingizi kwa wiki moja, labda mbili. Huenda bado ni uamuzi sahihi, ukiona huwezi tena kusimama mbele ya mlango ule bila kujidharau, na sitakuona mwoga. Ila nakuuliza: atakayekuja baada yako atamwona nani dirishani?

Kuna njia ya kuomba kijana apimwe upya, si kwa mtihani uleule, bali kwa kazi: hesabu zake, michoro yake, maelezo yake ya mdomo, na ushuhuda wa walimu wawili. Hii ni ya halali na inaacha karatasi nyuma yake. Hatari yake ni mwalimu wake wa darasa. Yeye ndiye atakayeulizwa, na hadi sasa anamjua kijana kwa upande wa utundu tu. Na kijana akipimwa mara ya pili akaachwa mara ya pili, hilo jeraha ni jingine.

Na kuna njia ndefu zaidi, ya kuugeuza mlango wenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Renzulli na wenzake, Sally Reis akiwemo, walijaribu mpango walioupa jina la mlango unaozunguka. Badala ya orodha ya watoto wachache kwa mwaka mzima, kundi kubwa zaidi, kama asilimia 15 hadi 20 ya wanafunzi, hupata zile ngazi mbili za kwanza, na mtoto huingia kwenye uchunguzi mkubwa akiwa na swali linalomwaka, kisha hutoka akimaliza na kumpisha mwingine. Ukiweza kumshawishi mwalimu mkuu, wale ishirini anaowaogopa mlangoni wanaacha kuwa tishio. Lakini usijidanganye kwamba ni rahisi. Kazi yako itaongezeka maradufu, nafasi ni hizohizo kumi na mbili, na wazazi wa waliomo watauliza kwa nini mtoto wao "ametolewa". Baba wa binti atauliza kwanza.

Au unaweza kulitoa daraja lenyewe nje. Ulipeleke darasa la nne lote siku moja kwa wiki, ukifundisha pamoja na mwalimu wao. Ninajua mnatazamana vibaya kwa sasa. Lakini hebu mtazame na yeye kwa jicho la pili: ana darasa lililojaa, na mtoto mmoja anayemaliza hesabu mapema na hana la kumpa. Anamtoa nje kwa sababu amechoka. Mwaka 1993 Reis na wenzake walichapisha utafiti ambao walimu waliwapunguzia wanafunzi wenye uwezo mkubwa karibu nusu ya masomo ya kawaida, asilimia 40 hadi 50, yale ambayo tayari waliyajua, na alama za mtihani hazikushuka. Maana yake, muda wa kijana kufanya jambo la maana upo, unaangukia barazani kila siku. Ukimwendea mwenzako na kazi ya kumpa kijana anapomaliza hesabu, kazi ambayo yeye hatahangaika kuiandaa, nadhani atakusikiliza zaidi kuliko ulipomwendea kumwombea msamaha. Ila ukimwendea kama mtaalamu wa vipaji aliyekuja kumwonyesha kazi yake, basi umekwisha.

Mwalimu mkuu naye si adui wa kijana, au tuseme bado sijashawishika kwamba ni adui. Alikuwa na mzazi aliyekasirika mbele ya watu na akazima moto kwa kitu kilichokuwa karibu, nacho kilikuwa kikadi. Wewe ulimwendea ukaomba kijana aingie. Hujamwendea bado kumwambia kile kikadi kilifanya nini kwa watoto wawili. Hayo ni mazungumzo mawili, na la pili sijui litaishaje.

Nimemwacha binti mwisho kwa sababu ndiye anayenigusa zaidi. Katika hadithi yako yote, watu wazima watatu walisimama mbele ya lile daraja, na aliyejua kusema kweli alikuwa mtoto mwenye kalamu nyekundu. Wewe unamwona amevunjika kwa sababu amesaidiwa. Nina shaka. Amesaidiwa, akashukuru, akaandika, na mkubwa akafuta. Akaelewa kwamba mtoto mwenye kipaji hasaidiwi. Sasa anangoja ajue jibu kwanza, kwa sababu akikosea au akiuliza, jina litapotea.

Wanasaikolojia Claudia Mueller na Carol Dweck walilichunguza jambo la jirani na hili mwaka 1998. Watoto waliotatua mafumbo wakasifiwa kwamba wana akili, walipopewa kuchagua, wengi walichagua kazi ambayo wangeonekana hodari. Walipokutana na mafumbo magumu wakakata tamaa mapema, na baadhi yao walidanganya kuhusu alama zao. Waliosifiwa kwa juhudi walichagua kazi ya kujifunzia na kuendelea nayo. Ndiyo maana uso wa binti haukubadilika ulipomwambia "ndiyo, sana". Ulimjibu kwa upendo, na mimi pia ningejibu hivyo, lakini swali lake nadhani halikuwa kuhusu kipaji. Kipawa, ukilisikiliza neno lenyewe, kina kupewa ndani yake. Alikuwa anauliza kama akikosa kitu hiki kimoja atabaki na nini machoni pako.

Jaribu siku moja umwonyeshe kazi yako mwenyewe iliyoharibika. Au mwache aunde daraja lingine makusudi ili livunjike, aandike lilipoanzia kuvunjika. Watu wanaojenga madaraja ya kweli wamejifunza mengi kutoka kwa yaliyoanguka, na hiyo ni kazi ya ngazi ya tatu hasa. Huenda akataka mshirika. Huenda akamtaja mwenyewe.

Kuhusu kijana, kabla ya mwalimu mkuu, kabla ya ombi lolote, nadhani unadaiwa maneno mafupi. Si mbele ya darasa, asije akaaibika. Mtafute barazani: "Lile wazo la mshazari lilikuwa lako. Nililifuta jina lako, na nilikosea." Usimwahidi chumba. Usimwahidi chochote usichonacho mkononi. Kisha muulize alikuwa anaona nini pale dirishani, na umwache aseme, hata kama atafanya mzaha kwanza.

Na kile kikadi kitoe kwenye droo, mwanangu, lakini usikirudishe kwenye meza ya maonyesho kwa uamuzi wako peke yako. Maandishi yale ni ya binti. Mpe, umwambie kwa nini kilikuwa kwako, umuulize angependa kukifanyia nini. Ukipata nafasi niandikie tena, nijue kijana alikujibu nini.